Mzazi, chumba chako cha mazoezi cha chini kinapumua?

Fikiria nyumba moja ya Bagara, mjini Babati, iliyojengwa kwenye mteremko. Ukiitazama kutoka barabarani ni nyumba ya kawaida. Ukizunguka nyuma unakuta kiwanja kimeshuka, na chini ya sebule pamebaki chumba. Kwa miaka mingi kilikuwa stoo ya magunia ya mahindi, baiskeli mbovu na ndoo za rangi.

Mwaka huu baba wa nyumba ameambiwa kliniki kwamba sukari na presha yake vinataka mazoezi. Stoo imefagiliwa na kupakwa rangi. Imeingia mashine ya kukimbilia ya mtumba, vyuma viwili vya kunyanyua na mkeka. Familia imepata jimu yake, bila kulipa kiingilio na bila kukwepana na bodaboda barabarani.

Wiki ya kwanza ni raha tupu. Jioni watoto wanashuka na baba yao. Wiki ya pili binti wa miaka kumi anasema, "Baba, nikikaa huku chini kichwa kinaniuma." Mama anaona ukuta unatoka jasho na nguo zilizoachwa humo zinanuka uvundo. Kisha inaingia baridi ya Juni, na bibi anatoa ushauri kwa upendo wote: "Wajukuu zangu wanatetemeka. Washushieni jiko la mkaa, hata dakika kumi tu, chumba kipate moto."

Ushauri huo wa bibi ndio unaoweza kuua.

Familia nyingi zikipanga chumba cha mazoezi huanza na mashine, halafu hufikiria joto au ubaridi, na hewa huja mwisho kabisa. Kwa chumba kilichozama ardhini, mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Hewa ndiyo ya kwanza. Ikipatikana, joto na ubaridi kwa hali ya hewa ya Babati havina gharama kubwa.

Joto mnalo tayari

Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti hazina mzaha. Lakini chumba kilichoegemea udongo hakifuati baridi ya nje moja kwa moja. Udongo hupata joto polepole na hupoa polepole. Ndiyo maana chumba cha chini hakiwi cha baridi sana alfajiri, wala cha moto sana mchana wa Januari.

Zaidi ya hapo, kila anayeingia humo anaingia na jiko lake mwilini. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takribani wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Akianza kukimbia au kuruka kamba, joto hilo hufika wati 400 au 500. Baba, mama na watoto wawili wakifanya mazoezi pamoja hukaribia joto la pasi ya umeme iliyowashwa katikati ya chumba.

Kwa hiyo, baridi ile ya dakika kumi za mwanzo dawa yake ni sweta, soksi na mazoezi mepesi ya kupasha mwili. Sakafu ya saruji ndiyo inayonyonya joto la miguu, basi itandikwe zulia la mpira au mkeka mzito. Vyumba vingi vya mazoezi duniani hupangwa viwe na nyuzi joto 20 hadi 22 tu. Mtu anayefanya mazoezi hahitaji chumba cha moto.

Kwa nini binti aliumwa kichwa

Chukua chumba cha mita nne kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Humo kuna mita za ujazo 30 za hewa, yaani lita 30,000. Zinaonekana nyingi. Lakini mtu mzima aliyekaa kimya huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika, na akifanya mazoezi makali huweza kupita lita 60. Kila pumzi anayoitoa ina hewa ukaa nyingi kuliko aliyoivuta.

Watu wanne wakijitahidi humo kwa pamoja huweza kutoa takribani lita tano za hewa ukaa kila dakika. Kama milango na madirisha yamefungwa kabisa, baada ya saa moja zimekusanyika lita 300, sawa na asilimia moja ya hewa yote ya chumba. Hewa ya nje ina takribani asilimia 0.04. Humo ndani hewa ukaa imefika zaidi ya mara 20 ya hiyo.

Oksijeni haijaisha, na hakuna atakayezimia kwa hilo peke yake. Lakini kichwa huwa kizito, usingizi huja na mwili huchoka mapema. Ongeza joto na jasho, na mtoto anachukia mazoezi bila kujua sababu. Mzazi naye anadhani ni uvivu.

Kipimo cha haraka ni pua. Toka nje, kaa dakika tano, kisha rudi. Kama harufu nzito inakupokea mlangoni, chumba hakipumui. Kama kichwa cha mtoto kinauma hata siku ambazo hajashuka chini, au kifua kinampiga filimbi, hilo si suala la chumba tena. Apelekwe kituo cha afya.

Vitu vitatu visiingie humo

Cha kwanza ni jiko la mkaa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo oksijeni hukosa nafasi. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi, bado hutoa sumu hiyo. Wengi hudanganyika hapo: wanasubiri moshi uishe nje, kisha wanaingiza jiko ndani wakiamini limekuwa salama.

Anayefanya mazoezi yuko hatarini zaidi ya aliyekaa, kwa sababu anavuta hewa nyingi zaidi kila dakika. Watoto pia hupumua haraka kuliko watu wazima. Dalili huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Mtu huona kama amechoka tu, akakaa chini apumzike, na huenda asiinuke.

Ikitokea hivyo, watu wote watolewe nje mara moja, milango iachwe wazi na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Daktari aambiwe wazi kwamba kulikuwa na jiko linawaka. Asiambiwe mtu "lala kidogo itapita". Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Cha pili ni injini. Umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani ya chumba cha chini wala mbele ya dirisha lake. Pikipiki inayolala humo isipashwe moto humo asubuhi. Sumu yake ni ileile ya jiko, na hujaa haraka zaidi.

Cha tatu ni mtungi wa gesi. Nyumba nyingi sasa zinahamia kwenye gesi, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni hatua njema kwa mapafu ya akina mama na watoto. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu. Hutambaa sakafuni na kuteremka ngazi kama maji, hadi mahali pa chini kabisa pa nyumba. Kama jiko la gesi liko juu na ngazi za ndani zinashuka jimu, gesi itakusanyika jimu, penye swichi na mota.

Mtungi ukae nje, umesimama wima, penye hewa na mbali na ngazi hizo. Mlango kati ya jiko na ngazi ufungike vizuri. Ukisikia harufu ya gesi chini, usiwashe wala usizime swichi yoyote. Toa watu, acha milango wazi, funga mtungi ukiweza kuufikia kwa usalama.

Na bibi aambiweje? Kwa heshima, na sababu ielezwe. "Mama, jiko hilo lina sumu isiyonuka. Tutawavalisha masweta, na wakishaanza kuruka watatoka jasho wenyewe." Bibi anayewapenda wajukuu hatakataa. Huenda ndiye atakayekuwa mlinzi mkali wa sheria hiyo.

Feni na kiyoyozi haviongezi hewa

Ikija miezi ya joto, fundi mwingine atasema, "Mzee, weka kiyoyozi, yaishe." Hapo baba aulize swali moja: hewa mpya itaingilia wapi?

Feni ya dari huzungusha hewa iliyomo. Humpoza mtu kwa sababu hukausha jasho, na kwa hilo ina faida. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huvuta hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha mulemule. Hakuna hata kimoja kinachotoa hewa ukaa nje. Tena kiyoyozi hudai madirisha yafungwe, na hapo tatizo la kichwa cha binti linaongezeka huku bili ya umeme ikipanda.

Kifaa kinachobadilisha hewa ni feni ya kutolea hewa, ile ya aina ya bafuni au jikoni, inayosukuma hewa nje. Nayo ina sharti: inachotoa lazima kiwe na mahali pa kuingilia. Ukiiwasha kwenye chumba kilichofungwa itanguruma tu. Ikikosa tundu la hewa safi itavuta kutoka popote inapoweza, hata kushusha moshi wa jikoni kupitia ngazi.

Fundi aambiwe nini

Kwa watu wanaofanya mazoezi, hesabu ya wahandisi huanzia lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Watu wanne ni lita 40 kwa sekunde. Kwa chumba kile cha lita 30,000, maana yake hewa yote ibadilike kila baada ya dakika 12 hivi. Kwa saa nzima ni mita za ujazo 144. Basi ukienda dukani kununua feni ya kutolea hewa, soma kwenye boksi mita za ujazo kwa saa, na usichukue iliyo chini ya 150 kwa familia ya watu wanne.

Lakini umeme hukatika. Kwa hiyo matundu ya kudumu ndiyo msingi, na feni ni msaidizi.

Hewa yenye joto hupanda. Hewa safi na iingilie chini, upande mmoja, na hewa iliyotumika itokee juu, upande wa pili. Kwa nyumba ya mteremko, ukuta wa nyuma ndio ulio wazi. Huko ndiko pa kuweka dirisha na matofali yenye matundu karibu na sakafu, au mlango wenye matundu chini. Ukuta wa mbele umezikwa ardhini, hivyo hewa ya kutoka ipandishwe kwa bomba linaloanzia karibu na dari ya chumba na kupita ukutani hadi juu ya paa, likiwa na kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege. Kadiri bomba linavyokuwa refu kwenda juu, ndivyo linavyovuta vizuri, kama dohani.

Tahadhari moja: bomba la inchi sita bila feni, kwa mvuto mdogo wa kawaida, hupitisha lita tisa au kumi kwa sekunde. Linamtosha mtu mmoja. Fundi akikwambia bomba moja linatosha familia nzima, muulize kama atafunga na feni yake.

Kwa madirisha, kipimo rahisi ni kwamba sehemu inayofunguka isipungue moja ya kumi ya sakafu. Sakafu ya mita za mraba 12 inataka mita 1.2 za uwazi. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, hivyo la mita 1.2 hukupa mita 0.6 za hewa. Wavu wa mbu nao hupunguza, hasa ukijaa vumbi la barabara. Uoshwe mara kwa mara.

Tundu la kuingizia hewa liwe mbali na choo, banda la kuku, jiko na mahali pa jenereta. Grili ya dirisha au mlango iwe ya kufunguka kutoka ndani, kwa sababu siku ya moto chumba cha chini chenye njia moja ni mtego.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chumba cha chini maneno hayo yageuzwe kidogo: usipoacha tundu wakati wa kujenga, utakuja kuvunja ukuta. Kutoboa msingi wa mawe na zege baada ya nyumba kukamilika ni gharama, na kunaweza kudhoofisha nyumba. Kama imeshajengwa, mwite mtu anayejua majengo kabla fundi hajainua nyundo.

Kisha pima kazi yake. Kata kipande cha karatasi laini, kishike mbele ya tundu la chini, halafu la juu. La chini likipuliza karatasi kuingia ndani na la juu likiivuta kutoka, chumba kinapumua. Karatasi ikining'inia bila kutikisika, kazi haijaisha na malipo ya mwisho yasubiri.

Ukuta unaotoka jasho

Mtu akifanya mazoezi makali huweza kutoa nusu lita ya jasho kwa saa, na wengine lita nzima. Watu wanne ni kama ndoo ndogo ya maji inayomwagwa hewani kila jioni. Maji hayo yakikuta ukuta wa baridi hugeuka matone, na matone hualika kuvu. Kuvu huchokoza pumu na mafua yasiyoisha ya watoto.

Kwa maeneo ya jirani na Ziwa Babati kuna maji mengine pia, ya ardhini, yanayopanda mvua zikizidi. Rangi ya gharama haiyazuii. Kinachosaidia ni mtaro wa nje unaopeleka maji ya paa na ya mteremko mbali na ukuta, na nailoni nzito chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Kama chumba hujaa maji kila masika, hicho si chumba cha mazoezi wala cha mashine ya umeme.

Baada ya mazoezi madirisha yaachwe wazi angalau nusu saa, na nguo na taulo zisiachwe humo. Miezi ya joto, acha matundu wazi usiku kucha ili kuta zipoe, na mfanye mazoezi asubuhi. Miezi ya baridi, punguza uwazi lakini usizibe yote. Na mtoto asiachwe peke yake na mashine ya kukimbilia.

Ikiwa chumba hakifai

Kuna nyumba ambazo ukuta haufai kutobolewa, au fedha haijapatikana. Hapo hakuna aibu kurudisha magunia ya mahindi na kutoka nje. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki kwa watu wazima. Hakuna mahali liliposema ziwe juu ya mashine.

Mkoa wa Manyara unalijua hilo tangu zamani. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alianguka, akaumia goti, na bado alimaliza mbio. Nyanda hizi zimetoa wakimbiaji wake kwenye vilima na barabara za vumbi, penye hewa isiyohesabiwa kwa lita.

Kutembea haraka na watoto kwenye barabara za Bagara, mkiutazama Mlima Kwaraha, kunatosha kabisa kwa sukari na presha ya baba. Giza likianza kuingia, epukeni kando ya ziwa, maana viboko nao hutoka wakati huo kutafuta majani.

Jioni ya leo, kabla mashine haijawashwa, shuka chini na kipande chako cha karatasi laini. Mwite na binti aliyelalamika kichwa, ashike yeye. Ndiye aliyeligundua tatizo kabla ya watu wazima, na anastahili kuona karatasi ikitikisika.